Maji Meupe Si Lazima Yawe Safi: Majani, Chembe za Nano na Rangi za Nguo

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa kemia, na nyinyi kina mama na vijana wa batiki mlioacha mabeseni yenu mkaja kukaa nasi: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze jinsi majani ya mimea yanavyotumika kutengeneza chembe za nano za madini, na jinsi chembe hizo zinavyotumika kuondoa rangi za nguo kwenye majitaka. Nitaeleza. Ila lipo jambo moja linaloniuma katika fani yetu, nalo ndilo hasa lililonileta hapa. Tumejizoesha kuangalia maji ya bluu yakigeuka meupe, tukapiga picha, tukaandika kwamba uchafu umevunjwa. Hatuulizi rangi imekwenda wapi. Na watu wanaoweza kutufundisha kuuliza swali hilo wamekaa safu za nyuma, vidole vikiwa bado na madoa ya kazi.

Kwanza, kwa nini rangi ya nguo husumbua kiasi hiki ikiingia mtoni? Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vinavyopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata zambarau iliyoshika kwenye hariri na kukataa kutoka. Tangu siku hizo viwanda vya rangi vimekuwa na shabaha moja: rangi isichuje. Isichuje kwa jua, wala kwa sabuni, wala kwa jasho. Mnamjua mteja anayerudi na kitambaa kilichochuja baada ya kufuliwa mara mbili, na maneno anayokuja nayo. Basi kitu kilichotengenezwa kistahimili jua la Dar es Salaam na sabuni ya mche hakiwezi kuvunjwa kirahisi na bakteria wa mtoni.

Kundi kubwa kuliko yote ni rangi za azo, ambazo kila molekuli yake ina mahali ambapo atomi mbili za nitrojeni zimeshikana. Nyingi ya zile mnazotumia na chumvi na magadi soda ni za aina hiyo. Rangi hizo za chumvi na magadi zilianza kuuzwa mwaka 1956, na uzuri wake ni kwamba zinaungana na uzi wa pamba wenyewe. Ubaya wake ni kwamba sehemu yake huungana na maji badala ya pamba, na ikishaungana na maji haishiki tena kitambaa hata ukiirudishia moto na chumvi. Kutegemea aina ya rangi na ufundi wa mpakaji, kati ya asilimia 10 na 50 huishia kwenye maji ya kusuuzia. Mnalipia rangi, kisha mnaimwaga.

Inakwenda wapi? Mto Msimbazi unaanzia vilima vya upande wa Pugu, unapita katikati ya jiji hili, unaingia baharini pale Salenda. Bondeni watu wanalima mchicha na matembele, na mboga hizo tunazila mimi na nyinyi. Maji yenye rangi huzuia mwanga usifike chini, mimea ya majini ikashindwa kutengeneza chakula chake na oksijeni, na samaki wakakosa pumzi. Hilo ndilo linaloonekana. Yasiyoonekana nitayafikia.

Sasa chembe za nano. Nanometa moja ni sehemu ya milioni ya milimita, na chembe tunazozizungumzia zina upana wa kati ya nanometa 1 na 100. Faida yake iko kwenye uso. Chukua mchemraba wa chuma wenye sentimita moja kila upande: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukiukata ukawa vipande vya nanometa 10, uzito ni uleule, lakini jumla ya nyuso inafika mita 600 za mraba. Hicho ni kiwanja cha mita 20 kwa 30, kimetoka kwenye kitu ulichokuwa umekifumbata kiganjani. Na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kwisha, hufanyia kazi usoni. Kilichofichika ndani hakimsaidii mtu.

Zamani, na hata leo katika maabara nyingi, chembe hizi hutengenezwa kwa kemikali kali kama haidrazini, ambayo yenyewe ni sumu, pamoja na kemikali nyingine za kuzuia chembe zisishikane na kuwa mabonge. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walitoa kanuni 12 za kemia ya kijani, yaani kemia inayojitahidi kutozalisha sumu, na mojawapo inasema mtu atumie vitu visivyo na madhara kadiri inavyowezekana. Watafiti wakaanza kugeukia mimea. Mwaka 2004 kundi la Maabara ya Taifa ya Kemia ya Pune, India, lilichapisha kazi yao juu ya mwarobaini, mti huuhuu tulio nao kila uani. Walionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa majani yake yanatosha kufanya kazi zote mbili: kutengeneza chembe za fedha na dhahabu, na kuzizuia zisigandane.

Wanafunzi wangu wanaifanya kazi hii mpaka wameizoea, lakini kwa wageni wetu acheni nieleze. Unachemsha majani, unachuja, unaacha yapoe. Unapata maji ya manjano hafifu. Unaongeza naitreti ya fedha iliyoyeyushwa, ile inayoacha doa jeusi kwenye ngozi ukiishika bila glavu. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye manjano inaanza kukolea, inaelekea kwenye hudhurungi, mpaka chupa nzima inakuwa ya kahawia. Hakuna aliyetia rangi humo. Polifenoli za kwenye jani, vitu vya jamii ya tanini ya chai, zimezipa ioni za fedha, yaani atomi za fedha zilizopungukiwa elektroni, elektroni hizo, fedha ikawa madini, na vitu vingine vya jani vikazivika chembe zile koti. Ukahawia mnaouona unatokana na chembe zenyewe, kwa namna zinavyonyonya mwanga wa upande wa bluu.

Ni kazi nzuri na sioni haya kuisifia. Kinachofuata ndicho kinachonisumbua.

Baada ya kupata chembe zake, mwanafunzi anachukua rangi iitwayo methilini buluu. Anaweka sodiamu borohaidraidi, kemikali inayotoa elektroni kwa urahisi, kwa wingi unaoizidi rangi mara nyingi sana. Anadondoshea chembe zake za fedha. Ndani ya dakika chache bluu inafifia na kwisha. Mashine ya kupimia mwanga, iliyokuwa ikionyesha kilele kirefu pale rangi hii inaponyonya mwanga, kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 664, sasa inaonyesha mstari umelala. Anaandika: rangi imevunjwa kwa asilimia 95.

Kina mama, nataka mnisaidie hapa. Mnapopika rangi ya batiki kwa kostiki na haidrosulfaiti, rangi hubadilika mle ndani ya ndoo. Bluu inaweza kuwa manjano ya kijani, na mgeni akichungulia atadhani mmekosea rangi. Mnatumbukiza kitambaa, mnakigeuzageuza, mnakitoa, mnakitandaza hewani. Kisha nini kinatokea? Nasikia mnajibu: rangi inarudi. Naam. Inarudi mbele ya macho yenu, kuanzia kingo za kitambaa. Haidrosulfaiti iliipa rangi elektroni, rangi ikabadilika sura na kuyeyuka kwenye maji. Oksijeni ya hewani ikazichukua elektroni zile, rangi ikarudia hali yake ikiwa imeshanasa ndani ya uzi. Hakuna kilichovunjika. Kingevunjika, msingekuwa na batiki ya kuuza.

Methilini buluu nayo iko hivyohivyo. Borohaidraidi inaipa elektroni, chembe za fedha zinafanya kazi ya kuzivusha kutoka huku kwenda kule, na rangi inageuka kitu kisicho na rangi. Molekuli iko palepale, karibu nzima. Iache bika, kile chombo cha kioo cha maabara, wazi borohaidraidi ikishaisha, au uitikise hewa iingie, na bluu itaanza kurudi. Waalimu wa kemia huwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chupa, sukari na kostiki: ukitikisa inakuwa bluu, ukiituliza inakuwa nyeupe, ukitikisa tena bluu. Linafahamika miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo kijana anayepima dakika kumi, akaosha bika na kwenda kuandika kwamba amevunja uchafu, hajamaliza kazi. Na anayekosa zaidi ni sisi walimu tunaomsahihishia na kumpa alama.

Lipo na hili: ni nani hapa anayetia batiki yake methilini buluu? Naona hakuna mkono. Rangi hiyo ilitengenezwa na Heinrich Caro mwaka 1876, na leo kazi zake kubwa ni kuona vijidudu kwenye darubini na kutibu watu ambao damu yao imeshindwa kubeba oksijeni. Kwenye pamba haishiki vizuri. Tunaitumia kwa sababu ipo kwenye kabati na inapimika kirahisi. Msimbazi hausumbuliwi na kabati la maabara.

Mtu ataniuliza: na zile za azo? Hizo, ni kweli, borohaidraidi na chembe za fedha zinaweza kuzikata pale kwenye nitrojeni mbili, na zikikatwa hazirudi. Lakini mnafurahia nini kabla hamjaona vipande? Rangi ya azo ikikatwa hapo hutoa amini za aromatiki, vipande vyenye nitrojeni iliyoshikana na pete ya kaboni. Baadhi ya amini hizo husababisha saratani. Umoja wa Ulaya una orodha ya amini 22, na rangi ya azo inayoweza kuzitoa hairuhusiwi kwenye nguo inayogusa ngozi. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukachukua maji mekundu yanayomtahadharisha mkulima asimwagilie, ukayafanya meupe, akayachota bila wasiwasi, na yakawa na madhara kuliko yalivyokuwa mekundu. Hili ndilo linaloninyima raha. Rangi angalau inajitangaza.

Na fedha yenyewe? Ni ghali, lakini tuache bei. Chembe za fedha zinaua bakteria, na ndiyo maana watu wanazitia kwenye bandeji. Sasa zikitoka kwenye beseni zikaingia kwenye mabwawa ya majitaka ambako bakteria ndio wafanyakazi, tutakuwa tumewaua wafanyakazi. Borohaidraidi nayo inaacha boroni kwenye maji. Kuwa jani la mwarobaini lilihusika hakuyafuti hayo. Jani ni kijani. Kinachotoka kwenye chupa kinahesabiwa kwa vilivyomo.

Sikuja kuwavunja moyo. Ipo njia ninayoiamini zaidi, nayo ni ya chuma.

Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton aliandika kwamba chuma kikikutana na haidrojeni peroksaidi hupatikana nguvu ya ajabu ya kuunguza vitu vya kaboni. Baadaye ikaeleweka kwamba panazaliwa kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni, haidroksili, kisicho na subira hata kidogo: kinashambulia chochote kilicho jirani. Kwa molekuli ya rangi, hiyo ni tofauti na kupewa elektroni. Haidroksili inaitatua, inapasua pete zake, na ukiipa muda na peroksaidi ya kutosha inaweza kuifikisha kwenye hewa ya ukaa na maji. Huko ndiko ninakokuita kuvunja.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, akiwamo Rajender Varma, walichapisha kazi waliyotumia polifenoli za chai kutengeneza chembe za chuma, wakaziweka na peroksaidi, wakaondoa rangi iitwayo bromothimoli buluu. Tazama sasa sisi tulipo: Mufindi, Rungwe, Kericho ng'ambo ya mpaka. Vumbi la chai na vijiti vinavyopepetwa viwandani havina uhaba, na chumvi ya chuma ni rahisi mno kuliko ya fedha. Ukimimina kloridi ya chuma kwenye chai, huna haja ya kusubiri. Papo hapo inakuwa nyeusi tititi, weusi uleule wa wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma na tanini.

Na hapo pia lazima tuwe wakweli. Mwaka 2014 kundi jingine, Varma mwenyewe akiwa ndani yake, lilionyesha kwamba kinachotokana na chai ya kijani na chuma si chuma tupu kama ilivyodhaniwa. Ni muungano wa chuma na polifenoli, na una madhara kwa viumbe wa majini kama mwani. Namheshimu sana mtu anayerudi kwenye kazi yake mwenyewe na kuipima upya hadharani. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo chai na chuma navyo visimwagwe mtoni ovyo. Vifungwe kwenye kitu: mkaa, udongo wa mfinyanzi, vipande vya kitambaa, ili maji yapite na chembe zibaki. Au zitengenezwe chembe za magnetaiti, oksaidi ya chuma inayovutwa na sumaku: unaweka sumaku ubavuni mwa chupa, weusi wote unahamia upande huo, unamimina maji, chembe unazitumia tena.

Kuna kikwazo kingine ambacho bika la methilini buluu halitatuonyesha. Njia ya Fenton inafanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na asidi, karibu na pH 3, kwenye kipimo ambacho 7 ni maji yasiyo na asidi wala magadi. Maji yenu ya batiki ni ya kostiki na magadi, yako upande wa pili kabisa. Yana chumvi, yana nta, yana wanga uliotoka kwenye kitambaa kipya. Haidroksili haichagui, itatumia nguvu zake kwenye wanga huo huku rangi ikisubiri. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: anayetaka nisimamie utafiti wake aanze na maji ya beseni la mtu, si rangi aliyoipima kwa mizani ikayeyushwa kwenye maji yaliyotoneshwa.

Na kwa baadhi ya maji yenu, nasema wazi mbele ya wanasayansi wenzangu, chembe za nano hazihitajiki kabisa. Zile rangi za haidrosulfaiti haziyeyuki zikiwa katika hali yake ya kawaida. Zimeyeyuka kwa sababu mlizipa dawa. Ndoo iliyokwisha kazi ikiachwa wazi mahali penye hewa, ikakorogwa mara kwa mara, haidrosulfaiti itakwisha na rangi itarudi kuwa vumbi. Vumbi hilo likitulizwa kwa shabu, baada ya kostiki kupunguzwa ukali, na maji yakapitishwa kwenye mchanga, sehemu kubwa ya rangi inabaki juu ya mchanga. Nawaomba jambo moja kwa msisitizo: msitie asidi wakati haidrosulfaiti bado imo. Hutoa gesi ya salfa inayokaba kifua, na wengi wenu mnafanya kazi na watoto mgongoni. Hewa kwanza, siku nzima kama inawezekana, kisha mengine. Tope linalobaki likaushwe na liwekwe mbali na bustani na kisima.

Rangi za chumvi na magadi ndizo zisizosikia hewa wala shabu. Hizo zinabaki zimeyeyuka. Huko ndiko chuma, chai na peroksaidi vinakostahili kupelekwa, na huko ndiko ningependa kuona nguvu za vijana hawa.

Mtafanyaje basi ili nisije tena na malalamiko? Mkiona rangi imepotea, acheni maji wazi usiku kucha mtazame kama inarudi. Pimeni jumla ya kaboni kabla na baada, kwa sababu rangi ikivunjwa kweli kaboni lazima ipungue. Na hapo mtakutana na jambo litakalowashtua: supu ya majani yenyewe imejaa kaboni, kwa hiyo mnaweza kuyapokea maji yenye rangi na kuyarudisha meupe yakiwa na mzigo mkubwa zaidi. Wekeni chupa isiyo na chembe, na nyingine yenye majani matupu, na nyingine yenye peroksaidi tupu, mjue ni nani aliyefanya kazi. Pimeni kama rangi haikujibandika tu juu ya chembe, maana rangi iliyobanduka kesho haikuvunjika leo. Pimeni chuma au fedha iliyobaki majini. Halafu chukueni mbegu za mchicha, mzioteshe kwa maji mliyoyatibu na nyingine kwa maji ya bomba. Mchicha unaota ndani ya siku chache na hauhitaji mashine ya bei mbaya. Ukigoma kuota, asilimia 95 yenu haina kazi bondeni.

Nitawapa alama nzuri kwa matokeo mabaya yaliyopimwa vizuri. Nalisema hili mbele ya mkuu wa idara ili iwe ahadi. Mwanafunzi atakayeniletea kwamba chembe zake zilifuta rangi lakini kaboni haikupungua atakuwa ameniletea habari ninayoihitaji, na kina mama hawa wanaihitaji kuliko mimi.

Kwenu wa batiki nina ombi, na wanafunzi watapita kulifuatilia. Msichanganye tena maji ya beseni la haidrosulfaiti na yale ya chumvi na magadi. Yanataka tiba mbili tofauti, na yakishachanganyika hatutaweza kutibu lolote kati ya hayo kwa gharama ya kawaida. Wekeni kidumu cha lita 5 kwa kila aina, maji ya kusuuzia ya kwanza, yale mazito. Msiyachuje, msiyaongeze maji mengine ili yaonekane mazuri. Andikeni juu ya kidumu jina la rangi kama lilivyo kwenye pakiti, na kiasi cha dawa mlichotia. Tunayataka na nta yake, na nyuzi zake. Majibu yote ya vipimo yatarudi kwa mwenye kidumu kwanza, kwa Kiswahili, kabla hayajaandikwa mahali pengine popote.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke safu za nyuma.